Nyumba Kisiwani: Kupima Bei Kabla ya Kutoa Arubuni

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wananchi wa Unguja kuhusu nyumba ni hili: je, ninunue sasa kabla bei haijapanda tena, au nisubiri? Ni swali la haki, lakini kwa maoni yetu linatangulizwa mahali pasipo pake. Kabla ya kubashiri bei ya mwakani, yampasa mnunuzi ajue mambo mawili: kama kipato cha familia yake kinaihimili bei ya leo, na ni kitu gani hasa anachouziwa. Aliyenunua ghali aghalabu hubaki na nyumba. Aliyetoa fedha kwa pupa, akihofia kutanguliwa na mwingine, huweza kubaki na karatasi tu.

Bei hazikupanda bila sababu. Kisiwa hakipanuki. Unguja ina urefu wa takriban kilomita 85, na sehemu kubwa ya mashariki yake ni uwanda wa mawe ya matumbawe ambako hata shimo la choo huchimbwa kwa taabu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Hao ni zaidi ya watu 586,000 walioongezeka katika miaka kumi, na Mkoa wa Mjini Magharibi ndio unaobeba watu wengi kuliko mikoa mingine. Saruji, nondo, mabati na mbao nyingi huvuka bahari kabla ya kufika kiwanjani, na nauli yake humwangukia mjenzi. Mchanga wa kujengea, ambao zamani ulichimbwa karibu kila shamba, sasa ni adimu na uchimbaji wake unadhibitiwa.

Juu ya hayo kuna fedha zinazotoka nje ya kipato cha kisiwani. Nyumba ya Mji Mkongwe, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, huweza kukodishwa kwa mtalii kwa usiku mmoja mmoja, na mwenye nyumba akalinganisha pato hilo na kodi ya mwezi anayolipwa na mwalimu au muuguzi. Katika vijiji vya pwani kama Paje, Jambiani na Nungwi, kiwanja hupimwa kwa umbali wake na ufukwe. Ndugu zetu walioko Oman, Dubai na Uingereza nao hununua, wengine kwa kutaka kurudi, wengine kwa kuhifadhi akiba. Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunataka msomaji aelewe kwamba bei anayotajiwa haikupangwa kwa kutazama mshahara wake.

Kipimo cha uwezo

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, hutumia vipimo viwili vyepesi. Cha kwanza, gharama za makazi zisizidi asilimia 30 ya kipato cha familia kwa mwezi. Cha pili, bei ya nyumba isizidi kipato cha familia cha miaka mitatu. Tuseme mume ni mvuvi na mke ni muuguzi, na kwa pamoja huingiza shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Asilimia 30 ya kipato hicho ni shilingi 360,000. Kipato cha miaka mitatu ni shilingi 43,200,000. Wakitajiwa nyumba ya shilingi milioni 90, bei hiyo ni sawa na kipato chao chote cha miaka sita na robo, bila kula, bila kusomesha na bila kuugua.

Vipimo hivi si amri. Familia isiyo na watoto wa kusomesha huweza kuvipita kidogo, na yenye mzee mgonjwa haina budi kubaki chini yake. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni la mtu kupiga hesabu kwa mwezi wake bora. Mwenye kutegemea utalii ajue kwamba msimu wa masika wageni hupungua na hoteli nyingine hufunga. Mvuvi naye ana siku za upepo mbaya. Jumlisha kipato cha mwaka mzima, ugawe kwa kumi na mbili, ndipo upate mwezi wako wa kweli.

Mpangaji naye ana hesabu yake, na mara nyingi huipiga nusu. Anaambiwa kodi ni shilingi 250,000, akaona kwamba inamfaa. Kisha anatakiwa alipe miezi sita mbele, yaani shilingi 1,500,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Mlango anaufungua kwa shilingi 1,750,000. Akikopa fedha hizo, marejesho ya mkopo nayo ni gharama ya makazi, na yaingizwe katika ile asilimia 30. Mkataba wa pango uwe wa maandishi, utaje kodi kwa shilingi, na useme kodi inaweza kupandishwa lini na kwa notisi ya muda gani. Mpangaji asiye na maandishi huhamishwa kwa neno moja, hasa nyumba inapopata mteja wa kigeni.

Kuhusu mikopo tutasema machache. Anayekopa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 15, atalipa takriban shilingi 560,000 kila mwezi, na hadi kumaliza atakuwa ametoa kiasi cha shilingi milioni 100. Wengi wetu huepuka riba kwa sababu ya dini na kuchagua murabaha, ambapo benki hununua mali na kumuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, naye akalipa kwa awamu. Utaratibu huo una faida ya kutobadilika, lakini usidhaniwe kuwa hauna gharama. Kwa njia yoyote ile, omba benki ikuandikie jumla yote utakayolipa hadi siku ya mwisho, na uilinganishe na bei ya nyumba.

Unauziwa nini?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko bei yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, na sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 inaeleza kuwa ni mali ya umma iliyo chini ya Rais. Mzanzibari hupata haki ya matumizi ya ardhi. Asiye Mzanzibari hukodishwa kwa muda na kwa masharti. Kwa hiyo mtu anayesema "nakuuzia ardhi" hana budi kuonyesha haki hiyo aliipata wapi, na kama inaweza kuhamishwa. Sheria Namba 8 ya 1994 iliweka Bodi ya Uhaulishaji Ardhi kwa ajili ya kuidhinisha uhamishaji wa namna hii. Mauzo yaliyoishia barazani kwa dalali hayajafika popote.

Barua ya sheha ni muhimu, maana sheha anawajua watu wa shehia yake na mipaka yao. Lakini barua hiyo ni ushahidi, si hati. Tumekwisha kuona wanunuzi wawili wa kiwanja kimoja, kila mmoja na barua yake.

Mazoea ya zamani nayo huleta utata. Katika visiwa vyetu mtu aliweza kumiliki miti bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, na hadi leo husikika mzee akisema ameuza minazi kumi. Je, aliuza minazi au aliuza mahali? Na mashamba ya eka tatu tatu, yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi, yalitolewa kwa masharti; usinunue kipande cha eka hizo kabla Kamisheni ya Ardhi haijakuthibitishia kwamba kinaweza kukatwa na kuhamishwa.

Mirathi ndiyo tunayoiona ikivunja familia nyingi zaidi. Baba amefariki, nyumba haijagawiwa, na mtoto mkubwa anayekaa humo anapata mteja. Dada zake wameolewa Pemba na Dar es Salaam, hawana habari. Fedha zinalipwa. Miaka miwili baadaye dada anarudi kudai fungu lake, nalo ni haki yake kisheria. Mnunuzi adai kuona hati ya mirathi yenye majina ya warithi wote, na kila mrithi atie saini yake au ampe mwingine uwakilishi wa maandishi. Tukiambiwa "hao wanawake hawana shida, watakubali," huo ndio wakati wa kuweka kalamu chini.

Iko pia mali ya wakfu, hasa Mji Mkongwe. Iliyowekwa wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi. Uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla hujatoa arubuni. Na hata nyumba ya Mji Mkongwe isiyo na utata wa umiliki huwa na gharama iliyojificha: kuta za mawe na chokaa na dari za boriti hutaka fundi anayezijua, na matengenezo huhitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi ya mji. Nyumba kongwe inayouzwa rahisi mara nyingi huwa rahisi kwa sababu ya paa lake.

Kwa fleti zinazouzwa kabla hazijajengwa, soma ratiba ya malipo kwa makini. Kila awamu ifungwe na hatua ya ujenzi inayoonekana kwa macho: msingi, kuta, paa. Isifungwe na tarehe pekee. Uliza ada ya mwezi ya ngazi, ulinzi, maji na taka, kwani ada hiyo nayo ni gharama ya makazi, na nani ana uwezo wa kuipandisha.

Neno kwa anayeuza

Kijitabu hiki ni cha watumiaji, lakini familia ya pwani inayouza kiwanja leo ndiyo itakayotafuta kiwanja kesho. Fedha za mkupuo mmoja huonekana nyingi. Zipimwe kwa swali hili: kwa kiasi hicho, je, kijana wetu ataweza kupata mahali pengine pa kujenga, na wapi? Kama jibu ni mbali na shule, na bahari na jamaa, basi bei hiyo bado ni ndogo. Kukodisha sehemu kwa mkataba wenye ukomo, unaosajiliwa na unaopandisha kodi kila baada ya miaka kadhaa, huweza kuwafaa wajukuu kuliko kuuza. Wanawake wa familia washirikishwe katika kikao hicho. Wao ndio aghalabu hubaki na watoto wakati fedha zimekwisha.

Siku ya malipo

Usilipe fedha taslimu mkononi. Lipa kwa benki, mbele ya wakili, kwa jina lile lile lililo kwenye hati. Arubuni iwe ndogo, na mkataba useme irejeshwe ndani ya siku ngapi iwapo hati itagundulika kuwa na kasoro au Bodi ikakataa uhamishaji. Pita kiwanjani mara mbili, mara moja mchana na mara moja mvua ikinyesha, uone maji yanakwenda wapi. Zungumza na majirani wa pande zote bila muuzaji kuwapo. Mara nyingi wao hujua mgogoro ambao hakuna ofisi iliyoandikiwa. Dalali akikuambia kuna mteja mwingine anayekuja saa kumi, mwache huyo mteja aje.

Mgogoro ukitokea, usivunje ukuta wala usihamishe mpaka kwa mkono wako. Kusanya mkataba, risiti za benki, barua ya sheha na majina ya mashahidi, uende Mahakama ya Ardhi. Na ikiwa ni suala la fungu la mirathi, anza kwa Kadhi. Weka nakala za karatasi hizo kwa mtu mwingine wa familia, nje ya nyumba inayogombewa.