Kompyuta ya Nyumbani: Tuiongeze Ramu?

Kompyuta ikiwa nzito, wengi husema haina ramu. Kabla ya kupeleka pesa za karafuu dukani Chake Chake, ipimeni, isije ikawa israfu.

Ramu ni mfano wa ubao wa chuoni: unaandika, unasoma, unafuta. Diski ni sanduku la vitabu. Sanduku likijaa, ubao mkubwa hausaidii kitu.

Fungueni programu mnazozitumia kila siku, kisha bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ramu ikikaribia kujaa, na taa ya diski haitulii, ongezeni; kutoka GB 2 hadi 4 tofauti mtaiona. Nusu ikiwa tupu, tatizo liko kwengine, khasa virusi vya flashi. Windows ya nyumbani ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata mkitia 8. Na DDR2 haiingii penye DDR3, basi zimeni, chomoeni waya, mwende na kipande cha zamani mkononi.

Tangu 2010 umeme hutujia Pemba kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Ukikatika, ubao hufutika wote, uwe mdogo au mkubwa. Hifadhini kazi kwenye diski mara kwa mara. Hilo halina gharama.