Usiitikie Usichokielewa, Mdogo Wangu

Njoo tukae, mdogo wangu. Wewe uliyefika Uskoti na cheti chako cha mtihani wa Kiingereza wa IELTS mkobani, uliyekuwa ukisifiwa na walimu kwa Kiingereza chako, leo umepanda basi Glasgow, dereva kakuuliza kitu na hukuambulia hata neno. Umerudi chumbani, umejifungia, unajiambia miaka yote ile ya shule ilikwenda bure. Futa machozi. Umesoma, tena vizuri. Ambalo hukuambiwa ni kwamba wenyeji wa huko wanachanganya Kiingereza na Kiskoti katika sentensi moja, na wengi wao hata hawajui kama wamechanganya. Wamekilia kilio chako wengi kabla yako, na wameishi, wamefanya kazi, wamelea watoto huko huko.

Sasa nisikilize. Neno usilolijua kabisa halitakudhuru sana, maana litakushtua nawe utauliza. Likuangushalo ni lile unalodhani unalijua. Chukua neno "greet". Wewe umefundishwa kuwa ni kusalimu. Kwa Mskoti, "greet" ni kulia machozi. Mama umempeleka mwanao chekechea siku za mwanzo, jioni unakwenda kumchukua, mwalimu anakuambia mtoto alikuwa "greeting" asubuhi nzima. Nawe kwa malezi yetu, mtoto asalimiaye watu ndiye mwenye adabu, unatabasamu, unashukuru, unampigia bibi yake simu kumweleza jinsi mjukuu anavyowaamkia Wazungu. Kumbe mtoto amelia asubuhi nzima akikutafuta. Na mwalimu kabaki kukutazama, hajui ni mama gani huyu anayefurahia machozi ya mwanawe. Inauma, najua. Lakini si kosa lako, na halimfanyi mtu kuwa mama mbaya. Kesho yake unarudi kwa mwalimu, unamweleza ulivyoelewa, mambo yanakwisha.

"Messages" nayo ni hivyo hivyo. Bibi unayemhudumia akikuambia anataka kwenda kuchukua "messages", usimtafutie simu yake. Anataka kwenda dukani kununua mkate, maziwa na viazi. Akikukaribisha "tea" saa kumi na moja jioni, usile ukashiba kwanza ukidhani ni kikombe cha chai na biskuti. Huo ni mlo wa jioni, sahani imejaa, na mwenyeji aliyekupikia atavunjika moyo akikuona unadonoadonoa. Wewe mwenyewe unajua mgeni akikataa chakula nyumbani kwenu mama anavyojisikia.

Mskoti akisema "how?" mara nyingi anauliza kwa nini, wala hataki umweleze ulivyofanya. Na akisema "I doubt it'll rain", mdogo wangu, beba mwavuli! Shuleni tuliambiwa "doubt" ni kutilia shaka, lakini wengi huko wanaitumia kwa maana ya kuhisi kwamba jambo litakuwa, hasa jambo baya. Anakuambia anaona mvua itanyesha. Kuna pahala pamoja tu ambapo sisi tumewatangulia wanafunzi wengine: wakikuuliza "where do you stay?" hawaulizi hoteli. Ni "unakaa wapi?" yetu ile ile, mjibu mtaa wako.

Wanaonitia hofu zaidi ni ninyi mnaofanya kazi za kutunza wazee. Wazee ndio wenye Kiskoti cha ndani, na mtu akiwa na maumivu hurudi kwenye maneno ya utotoni mwake. Mzee anakuambia "oxter" inamuuma. Wewe umechoka, zamu ni ndefu, unaona aibu kuuliza mara ya tatu, unaitikia "okay, okay" na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba hana tatizo. "Oxter" ni kwapa. Kama pana uvimbe pale, umeupitisha. Mwingine anakuambia mwenzake wa kitanda cha pili anaonekana "peely-wally": anakuonya kwamba mwenzake kapauka uso, hayuko sawa. Mwingine anasema yuko "scunnered", yaani amechoka na mambo, amekinai. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye dakika mbili, na wewe umemjibu "very good". Fikiria alivyojisikia.

Ndiyo maana nakukaripia kwa upendo: acha kuitikia usichokielewa. Mficha maradhi kilio humfichua. Ukificha kwamba hukusikia, siku ya siku itajulikana, na itajulikana vibaya, mbele ya msimamizi au mbele ya familia ya mgonjwa. Mwambie mtu, "samahani, rudia polepole", na akirudia bado hujaelewa, mwombe aseme kwa namna nyingine au akuonyeshe kwa kidole. Usione haya. Waskoti wengi wamelelewa wakikemewa shuleni waongee vizuri, waache maneno ya nyumbani. Aibu hiyo unayoisikia wewe wameionja wenyewe, tena katika nchi yao.

Na hapo nina neno jingine, wala usininunie. Nawasikia baadhi yenu mkisema wale watu hawajui Kiingereza, wanakiharibu. Hapana. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, si mtoto wake wala si Kiingereza kilichoharibika. Wafalme wa Uskoti walitungia sheria kwa lugha hiyo, na ilianza kupoteza heshima yake ya ofisini baada ya mwaka 1603, Mfalme James wa Sita alipohamia London kurithi kiti cha Uingereza. Robert Burns, mshairi wao mkubwa aliyezaliwa 1759, aliandika kwa Kiskoti, na kila tarehe 25 Januari wanamkumbuka kwa karamu. Katika sensa ya 2022 watu takriban milioni 1.5 walisema wanaongea Kiskoti, na mwaka 2025 Bunge lao lilipitisha sheria ya kukipa hadhi rasmi pamoja na lugha yao nyingine, Kigaeli. Mtu wa Dodoma akifika Mombasa akaambiwa "ndoo hapa", ataangalia huku na huku akitafuta ndoo ya maji, kumbe anaitwa aje. Je, arudi kwao akaseme watu wa Mombasa hawajui Kiswahili? Basi na wewe heshimu cha wenzako.

Ninyi wa Aberdeen mna mtihani wenu peke yenu. Huko "what" huwa "fit" na "where" huwa "far", kwa hiyo anayekuuliza "fit like?" anakujulia hali tu. Wengine watakuuliza "foos yer doos?", yaani njiwa zako hawajambo? Jibu lake ni "aye peckin", wanadonoa kila siku. Mtu aliyekulia kwenye hujambo, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, atashindwaje kuipenda salamu kama hiyo? Jifunze jibu hilo moja, ulitumie kwa mzee mmoja, uone uso wake utakavyofunguka. Lakini usigeuze lafudhi yao kuwa kichekesho cha kuwaigiza mbele za watu. Salamu ni heshima, kuigiza ni dharau, na wanaijua tofauti.

Wala usijitese kuibadili lafudhi yako. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walipofika Kikuyu, Kenya, wenyeji walilitamka jina la Skoti kwa ulimi wao, likawa Thogoto, na mji unaitwa hivyo mpaka leo. Ongea kama ulivyo, ila taratibu na kwa sauti ya kusikika. Wewe unahangaika kumsikia yeye, naye anahangaika kukusikia wewe.

Nunua kijitabu kidogo cha mfukoni. Neno likikupiga chenga, liandike jinsi masikio yako yalivyolisikia, hata kama herufi si zenyewe, kisha jioni muulize mwenzako wa kazini, au ulitafute kwenye kamusi za Kiskoti ambazo zipo mtandaoni bila malipo. Na wewe mama wa chekechea, kesho ukimpeleka mtoto kaa naye kidogo kabla hujaondoka, kisha mwombe mwalimu akueleze siku yake kwa maneno mepesi.