Usingizi Si Uvivu

Katika Kangari na vijiji vingine vya Murang'a vilivyo kwenye miteremko ya Nyandarua, siku ya mkulima wa chai huanza kabla ya jua. Wengi huamka saa kumi na moja alfajiri ili wawashe moto, wakamue ng'ombe na kuwahi shambani. Alasiri hupeleka majani kituoni, na lori la kiwanda likichelewa, hurudi nyumbani usiku. Hapo ndipo hupika, hula, na kunywa kikombe cha chai kali. Mtu aishiye hivyo hulala muda wa saa 5 tu, naye husifiwa kwa bidii yake. Sifa hiyo ni haki yake, lakini yafaa ajue kwamba akili yake inadhurika.

Watu wengi hudhani kwamba mtu alalapo ubongo wake hukaa bure. Sivyo. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya mtu aliyelala huenda huku na huko upesi, na ndoto huwa nyingi. Tangu hapo imefahamika kwamba katika usingizi ubongo hutengeneza kumbukumbu za mchana na kutuliza hisia. Mtu mzima ahitaji muda wa saa 7 au zaidi kila usiku; mtoto wa shule ya msingi ahitaji saa 9 hadi 12.

Asiyepata kiasi hicho huwa mwepisi wa hasira na msahaulifu, na jambo dogo humtia wasiwasi. Akiendelea hivyo kwa muda mrefu, huwa katika hatari zaidi ya kupatwa na ugonjwa wa huzuni nzito. Nayo huzuni hiyo humwamsha usiku wa manane, hata magonjwa hayo mawili yakasaidiana kumwangusha.

Basi afanyeje mkulima ambaye hawezi kubadili saa ya kuamka? Abadili jioni yake.

Kwanza, aamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili, na awe kitandani kabla ya saa nne usiku.

Pili, kikombe cha mwisho cha chai kiwe cha mchana. Chai ina kafeini, dawa ifukuzayo usingizi. Kwa watu wengi, yeye anywaye saa mbili usiku, karibu nusu ya dawa hiyo ingali mwilini saa saba usiku. Jioni uji wafaa zaidi. Pombe nayo humlaza mtu upesi, kisha humkatizia usingizi kabla ya kucha.

Tatu, chumba kiwe na giza na kimya, na simu iwekwe mbali na kitanda. Baridi ya huku ni kali, lakini jiko la makaa lisiingizwe chumbani kamwe. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu waliolala. Blanketi la pili ni salama zaidi.

Nne, mawazo yawekwe mahali pake. Wazee husema usiku wa deni haukawii kucha. Lakini anayelala akihesabu karo na bei ya mbolea huuona usiku kuwa mrefu mno. Hesabu hizo zifanywe mapema jioni, mezani, pamoja na mwenzi wake, na ziandikwe katika daftari. Akilala na usingizi usije, asigaegae kwa hasira. Aondoke kitandani, aketi kimya penye mwanga hafifu, arudi macho yakiwa mazito.

Mambo haya hayaleti faida kwa usiku mmoja. Yahitaji majuma kadhaa. Lakini mtu akikosa usingizi usiku mitatu au zaidi kila juma kwa miezi mitatu, asijinunulie vidonge dukani, wala jirani zake wasiseme amerogwa. Aende kwa mganga wa serikali katika zahanati au hospitali, aeleze yote bila haya. Na akianza kusema kwamba maisha hayana faida, au afadhali afe, jamaa zake wasimwache peke yake. Wampeleke siku ile ile.