Kuandika Hadithi Sehemu kwa Sehemu: Kwa Ndugu na Dada Wenye Kalamu



Kila muhula hunijia swali lile lile kutoka kwa wanafunzi wapya wanaosoma hadithi ninazozituma kwenye simu siku za Alhamisi: je, kubuni watu wasiokuwepo na kuwatungia maneno si uwongo? Naliheshimu swali hili, kwani anayeliuliza anaijali dini yake. Mimi si mufti, na mwenye shaka moyoni aende kwa shekhe wake. Ninachoweza kueleza ni kile nilichokisoma, kinachonifanya nishike kalamu kwa moyo mkunjufu.

Mwongo anataka umwamini. Msimulizi na msikilizaji wamekwisha kubaliana tangu mwanzo kwamba hii ni hadithi. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa' aliandika kwa Kiarabu Kalila wa Dimna, kitabu chenye asili ya Kihindi, ambamo mbweha na simba wanazungumza mambo ya utawala, na hakuna msomaji aliyedhani kuwa mbweha anasema. Katika karne ya 12 Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia, alibuni mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akakua akimtafuta Mola wake kwa akili. Naye al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga maqama 50 za mjanja mmoja aitwaye Abu Zayd, anayewalaghai watu kwa ufasaha wake. Al-Hariri alijua atalaumiwa. Katika utangulizi wake alijitetea kwa kutaja hadithi za wanyama ambazo watu walikuwa wakizisoma bila kulaumiwa, na kwa kukumbusha kuwa matendo hupimwa kwa nia. Kitabu chake kikawa cha kuhifadhiwa na wanafunzi wa lugha kwa karne nyingi.

Kwa hiyo mimi wasiwasi wangu mkubwa hauko kwenye kubuni. Uko kwenye kutobuni vya kutosha.

Nieleze. Tunaishi hosteli, vyumba vimebanana, siri za wenzetu tunazisikia ukutani. Mwandishi anachukua kisa cha dada wa chumba cha tatu aliyeachwa na mchumba, anambadilisha jina, anatuma. Kabla ya Isha kampasi nzima imeshajua ni nani. Ndugu yangu, hiyo ni ghiba iliyovaa kanzu ya fasihi. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu. Mwenye kisa akiwa msichana wa sheria, mfanye awe kaka fundi wa pikipiki. Akitoka Mbale, mpeleke Arua. Changanya watu wawili au watatu wawe mmoja, ondoa tukio ambalo kila mtu alilishuhudia, weka lako. Kisha jiulize: mhusika mwenyewe akiisoma, atajiona? Akijiona, rudi ukaandike upya. Nakuhakikishia hadithi hainyauki kwa kufanya hivi. Mara nyingi huwa bora, maana sasa unalazimika kufikiri kwa nini binadamu hufanya anayofanya, badala ya kunakili tu ulichokisikia.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Wengi huniomba niwatajie kitabu cha kujifunzia, nami huwarudisha kwanza kwenye Surat Yusuf. Nasisitiza, habari ya Nabii Yusuf (a.s.) ni ya kweli na ni wahyi, haifanani na tunayoyabuni sisi. Lakini mwanafunzi wa usimulizi ana mengi ya kutazama humo kwa adabu. Fuata kanzu. Mara ya kwanza inaletwa kwa baba ikiwa na damu ya uwongo. Mara ya pili imechanwa kwa nyuma, na mchano huo unamtoa Yusuf hatiani. Mara ya tatu kanzu inawekwa usoni mwa Yaaqub, macho yake yanaona tena. Vazi linamsingizia mbwa mwitu, kisha vazi linakuwa shahidi wa haki, kisha linakuwa tiba. Tazama pia ndoto: inasimuliwa katika aya ya 4, na tafsiri yake inatimia katika aya ya 100. Katikati kuna kisima, utumwa, jela na miaka ya njaa, na msomaji hajaisahau ndoto ile.

Mwandishi wa sehemu kwa sehemu anahitaji hilo kuliko mwandishi mwingine yeyote, kwa sababu msomaji wake husoma leo, akalala siku saba, akarudi. Atasahau majina. Hatasahau kitu anachoweza kukishika: ufunguo, tasbihi iliyokatika, simu yenye kioo kilichopasuka. Chagua kitu kimoja au viwili na uvirudishe kila baada ya sehemu kadhaa, kila safari kikiwa na kazi mpya.

Usitume sehemu ya kwanza kabla ya kuwa na sehemu nne mkononi. Mitihani itakuja, malaria itakuja, umeme utakatika. Akiba hiyo ndiyo itakayokuvusha. Maneno 700 hadi 900 yanatosha kwa msomaji aliyeegemea nguzo akisubiri teksi au boda. Tuma maandishi matupu, usitume picha ya ukurasa, kwani wenzetu wengi wana bando la kuhesabu. Chagua siku moja na uishike. Nasi tunaoandika kwa Kiswahili hapa Uganda, ambako wengi walikisikia kwanza kwa askari au sokoni, tuwe wapole: neno gumu moja katika aya msomaji atalibahatisha, matano yatamfukuza.

Jambo linalonikera, niseme wazi, ni hadithi zetu kugeuka khutba. Kijana mlevi anakutana na imamu katika sehemu ya pili, imamu anaongea kurasa mbili, kijana anatubu, basi. Khutba tunayo kila Ijumaa, tena na msomi aliyejiandaa. Katika hadithi mwache huyo kijana aone aibu kupita mbele ya msikiti kwa sababu anamdaiwa mwadhini shilingi elfu ishirini. Aingie au asiingie? Hapo msomaji atakaa. Na kuhusu mapenzi, ambayo kila mtu huniuliza kwa sauti ya chini: yaandike, lakini mlango wa chumba ukifungwa, baki nje na msomaji wako. Barua ya posa iliyorudishwa bila kufunguliwa inauma kuliko maelezo yoyote ya mwili. Msome Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, riwaya ya mwaka 1999, uone anavyomfuata Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee, katika Unguja ya zama za wakoloni. Msome pia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise sasa ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

Kuna anayeniambia: "Kaka, wanaosoma ni kumi na wawili tu." Charles Dickens alipoanza kutoa Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi huko Uingereza mwaka 1836, sehemu za mwanzo ziliuzwa kidogo sana. Katika sehemu ya nne akamwingiza mtumishi mcheshi, Sam Weller, na watu wakaanza kuzigombania, hata mauzo yakafika nakala takriban 40,000. Mhusika mmoja! Nawe huenda mhusika huyo bado hujamwandika. Na anayelalamika hana muda amkumbuke Naguib Mahfouz wa Misri, aliyekuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu mwaka 1971, akiandika nje ya saa za ofisi. Alipata Nobel mwaka 1988.

Mwisho, mambo ya ulinzi. Hadithi ikisambaa, jina lako hukatwa njiani. Liandike mwanzo na mwisho wa kila sehemu, pamoja na tarehe, na nakala ihifadhiwe mahali pengine zaidi ya simu, kwa kuwa simu huibwa. Kama una nia ya kushindania tuzo, mathalani ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, soma masharti kabla hujatuma chochote kwa watu, maana baadhi ya mashindano hukataa kazi iliyokwisha kusambazwa. Weka hadithi moja pembeni kwa ajili hiyo. Na Ramadhani ikikaribia, watangazie wasomaji wako mapema kuwa mtapumzika hadi baada ya Idi, uwaachie sehemu ambayo mtu ameshika ufunguo mlangoni na bado hajaamua kufungua.