Ukitaka Kuijua Imani Yako, Anza na Daftari la Madeni

Mlokole mwenye sauti ya kutikisa mabati wakati wa maombi si adimu siku hizi. Adimu ni yule ambaye mwenye genge akimwona anakuja, moyo wake unatulia.

Wengi wetu tukijiuliza kama imani yetu ni ya kweli, tunakimbilia mambo ya kanisani: nafunga mara ngapi, natoa fungu la kumi, nimekosa jumuiya au sijakosa. Yana nafasi yake. Kasoro yake ni kwamba yote yanafanyika mbele za watu, na mtu anaweza kuyafanya miaka ishirini asibadilike hata kidogo. Ukitaka kujipima sawasawa, jitazame pale ambapo hakuna anayekupigia makofi, na hasa pale ambapo una nguvu kuliko mwenzako.

Ndivyo walivyofanya wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikaa na Joe Church, daktari mmisionari wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto uliowaka Gahini katika miaka ya 1930 ulivuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ukiwauliza watu leo wanaukumbukaje, watakutajia wimbo wa Tukutendereza. Majirani wa wakati ule walikuwa na ushahidi mwingine: watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni waliyokuwa wameyakana, na baadhi ya wamisionari wakawaomba radhi Waafrika kwa majivuno yao. Sijui kama mahubiri yoyote yangeweza kumshangaza mwajiri kuliko kurudishiwa sahani zake zilizoibwa.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika kila anayekudai, jina na kiasi, pamoja na yale madeni ambayo mwenyewe amechoka kuyadai au ameyasahau. Usianze na benki. Benki ina wanasheria. Anza na muuza mboga, fundi cherehani, bodaboda uliyemwambia "nitakurushia" na hukumrushia. Kama huna fedha ya kumaliza, mfuate kabla hajakupigia, mpe ulichonacho na umtajie tarehe. Kuacha simu iite hadi ikate ni uongo pia, ingawa hujafungua kinywa.

Ikiwa ni kitu ulichokichukua kwa hila, Biblia inakwenda mbali kuliko tunavyopenda. Sheria ya Musa ilimtaka mkosaji arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano: ukidhulumu 50,000, unarudisha 60,000. Zakayo mtoza ushuru alipopokea wokovu nyumbani kwake, aliahidi mara nne, na nusu ya mali yake kwa maskini. Hata aliyedhulumiwa akiwa amekufa, Kitabu cha Hesabu kinataka malipo yaende kwa ndugu yake, na asipokuwapo ndugu, yatolewe kwa Bwana kupitia kuhani. Mlango wa kutorokea haupo.

Baada ya madeni, mishahara, na hapa ndipo nyumba nyingi za wapendwa zinapokwama. Dada wa kazi anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachemsha chai, anavalisha watoto. Jioni wageni wa jumuiya wamejaa sebuleni, "Bwana asifiwe" zinapokewa na "Amina", naye yuko jikoni akikaanga maandazi yao, hajui mshahara wa mwezi juzi utatoka lini. Torati iliagiza kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na ameuwekea ujira huo moyo wake. Fanya hivi: weka tarehe ya malipo na uiheshimu. Mlipe yeye kwanza, ndipo ujaze bahasha ya sadaka. Usimkate kwa glasi iliyovunjika wakati watoto wako wamevunja tatu. Usimwekee fedha zake "ili asizichezee", ni zake. Na Jumapili naye aende kanisani kwake, au alale tu, badala ya kubaki na mtoto wenu ili ninyi mkaabudu kwa utulivu.

Mfanyabiashara ana mtihani wake. Anayenunua viazi kwa lumbesa huku akimlipa mkulima bei ya gunia la kawaida anaweza kuimba kwaya, ila Mithali imekwisha kusema Mungu anavyoichukia mizani ya udanganyifu. Sina la kuongeza hapo.

Kuomba radhi nako kuna namna yake. Yesu alisema ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapohapo, nenda mkapatane kwanza. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe. Taja kosa lenyewe: "Nilikusema vibaya kwa mjomba." Ukisema "kama nimekukwaza, nisamehe," umemrudishia mwenzako mzigo wa kuthibitisha. Neno "lakini" liache nyumbani. Na kama wewe ni mzazi, mwombe radhi mtoto uliyemchapa bila kosa. Heshima yako haitapungua. Tahadhari moja tu: siri inayomhusu mtu mwingine, hasa ya ndoa, usiitolee ushuhuda mbele ya kanisa zima. Mpelekee mchungaji anayejua kunyamaza. Kuna watu walitua mizigo yao kwa kuwavua nguo wenzao hadharani.

Kinywa nacho kina ujanja wake, maana umbea siku hizi umevaa vazi la maombi. "Wapendwa, tumwombee dada fulani, nimesikia mumewe..." Kabla hujatuma, jiulize kama ungetuma iwapo dada huyo angekuwamo kwenye kundi hilo la WhatsApp. Kama jibu ni hapana, mwombee peke yako.

Usitumie haya kumkagua mzee wa kanisa au mkweo. Karatasi ni yako. Pia usikate tamaa kwa sababu hujisikii chochote ukipiga magoti. Kuna aliyefiwa, sala zake zimekauka, amebaki na Baba Yetu peke yake, na bado anarudisha chenji iliyozidi. Huyo simwogopei. Namwogopea zaidi anayelia kila ibada na kuondoka kwa mlango wa nyuma kila anapomwona anayemdai.

Ukimaliza karatasi yako, muulize mmoja wa wale unaoishi nao akuambie wewe ni mtu wa namna gani umeme ukikatika, pesa ikiisha, au chakula kikichelewa. Mwache amalize kusema. Usimjibu siku hiyo.