Neno la Mtafutaji na Ukweli wa Mwandishi

Mkulima wa Muleba anaona majani ya mgomba yakigeuka njano na kulegea. Ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na shina likikatwa linatoa utomvu wa njano. Anachukua simu, anaandika Google: "dawa ya migomba kunyauka". Tuseme makala nzuri ipo, lakini kichwa chake kina jina la kitaalamu tu, "mnyauko bakteria". Hataiona. Ataona ukurasa uliorudia "dawa ya migomba" mara ishirini bila kumwambia lolote. Ugonjwa huu uliripotiwa Muleba mwaka 2006, na mpaka leo hauna dawa.

Katika Gorgias, Plato anamwonyesha Socrates akifananisha ufundi wa kushawishi na upishi unaojifanya tiba: unapendeza mdomoni, hauponyi. Anayejaza maneno ili ukurasa wake upande juu ni mpishi wa namna hiyo. Wengi wetu tunaishia hapo na kuidharau kazi yote ya kuiandaa tovuti ionekane. Sikubaliani nao. Katika Phaedrus, Plato huyohuyo anamtaka msemaji aujue ukweli wa jambo, na aijue pia nafsi ya anayesemeshwa. Sharti hili la pili sisi wanafalsafa tunalisahau upesi (istilahi nzito zinatupendeza mno).

Kwa mwandishi wa tovuti, kumjua msomaji kunaanzia kwenye neno analotafutia. Angalia neno "dawa". Mtaalamu atataka kulifuta, kwa kuwa dawa haipo. Akilifuta, mkulima anabaki mikononi mwa muuza uongo. Basi liwekwe kwenye kichwa, na jibu la kweli papo hapo: "Dawa ya migomba kunyauka: haipo, lakini shamba linaweza kuokolewa." Majina mnyauko bakteria na unyanjano yafuate, mara moja moja yatosha.

Google nayo, kwa mabadiliko ya mwaka 2011 yaliyoitwa Panda, ilianza kuzishusha kurasa zenye maudhui hafifu. Hata isingefanya hivyo, hoja ingebaki ileile, kwani aliyefungua ukurasa bado ana shamba linalokufa. Aya ya kwanza impe la kufanya leo: ang'oe migomba iliyougua, avunje ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu, na apitishe panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.