Programu Ikihama, Nani Abebe Mzigo?

Baadhi yenu mliomo madarasani, na ninyi mliokwisha kutoka shuleni, mmeanza kutunga programu za kompyuta. Wengine mwazitoa programu katika mfumo mmoja na kuzihamishia mfumo mwingine. Kazi hii ni njema, lakini ina nusu mbili, na mara nyingi hufanywa nusu ya kwanza tu. Nusu ya kwanza ni kuifanya programu ikubali kufanya kazi pahali pageni. Nusu ya pili ni kuifunga vizuri na kuifikisha kwa mtu asiyejua lolote juu ya utengenezaji wake. Leo tuitazame nusu hii ya pili, na mfano wetu utakuwa programu iitwayo GIMP.

GIMP ni programu ya kuchora na kutengeneza picha. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, majina yao Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa watu mwaka 1996. Ilitungwa kwa mifumo ya jamaa ya Unix, kama vile Linux. Haiuzwi, kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuchungua jinsi ilivyoandikwa, na kuwagawia wenzake. Mwaka 1997 mtunga programu wa Finland, Tor Lillqvist, alianza kuihamishia Windows.

Sasa angalieni shida iliyozuka. Programu kubwa haisimami peke yake. Huazima kazi nyingi kutoka kwa programu za kusaidia ziitwazo maktaba. GIMP huchora madirisha na vitufe vyake kwa msaada wa maktaba iitwayo GTK. Katika Linux hili si tatizo, kwa kuwa mfumo una msimamizi wake wa vifurushi: ukiomba GIMP, huletewa na GTK pamoja. Windows ya siku zile haikuwa na msimamizi wa namna hiyo, wala haikuwa na GTK. Basi kwa miaka kadhaa mtumiaji wa Windows alitakiwa kuchukua GTK kwanza, aiweke katika kompyuta yake, kisha arudi kuchukua GIMP yenyewe.

Kwa fundi hiyo ni kazi ya dakika chache. Lakini wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu aliyetaka kupunguza ukubwa wa picha ya harusi hajui GTK ni mnyama gani. Akiisahau, kompyuta humwambia kwamba faili fulani haikuonekana. Wala hasemi kwamba fundi amekosea. Husema, "Mimi sijui kompyuta," akaiacha, asirudi tena. Hasara hiyo haiandikwi popote, maana aliyeondoka hakuacha barua.

Mafundi wa GIMP walijifunza. Baadaye GTK ilitiwa ndani ya kifurushi kimoja na GIMP. Wenye kompyuta za Mac nao walikuwa wakihitaji programu nyingine, X11, ndipo GIMP ifunguke. Toleo la 2.8.2 la mwaka 2012 liliwaondolea haja hiyo. Katika habari hii twapata mafunzo manne.

Kwanza, kifurushi kibebe kila kitu. Kikizidi ukubwa kidogo, si neno. Kikipungukiwa na faili moja, hakifai kitu. Tena shule isiyo na intaneti hupokea programu kwa flashi, na hapo hakuna pa kwenda kutafuta kilichosahauliwa.

Pili, usimwulize mgeni swali asiloweza kulijibu. Wengi hawajui kama kompyuta yao ni ya biti 32 au 64. Kifurushi cha GIMP cha Windows kilifanywa kitambue chenyewe, na hivyo ndivyo ipasavyo.

Tatu, pawe na mlango mmoja unaojulikana. Mwaka 2013 watu wa GIMP waliiacha tovuti moja kubwa ya kugawia programu, kwa sababu ya matangazo yaliyofanana na kitufe cha kuchukulia programu. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba tovuti ile ile ilikuwa ikigawa GIMP ya Windows ndani ya kifurushi chenye programu nyingine za matangazo. Fundi angeutambua mtego. Mgeni hutambua jina tu, naye huamini. Kwa hiyo mwelekeze kwenye tovuti ya wenyewe, gimp.org, wala usimwachie atafute ovyo.

Nne, ishike leseni. GIMP hutolewa kwa leseni ya GPL, nayo yamtaka anayeigawa awapatie watu na maandiko ya programu yenyewe, au awaonyeshe yanakopatikana. Ulichopewa kwa uhuru usikifungie wenzako.

Zoezi. Chukua programu uliyoihamisha, itie katika flashi, uipeleke kwenye kompyuta ambayo haijapata kuwa nayo. Kompyuta yako mwenyewe haifai kwa jaribio hili, kwa kuwa maktaba zote zimo tayari, nayo itakudanganya kwamba mambo ni mazuri. Mwite mtu asiyejua kazi hii, mdogo wako au mwalimu wa somo jingine, umwambie aiweke na kuifungua. Wewe kaa kimya, mikono mapajani, uandike kila mahali anaposita. Usimsahihishe. Kila aliposita ni deni lako, si ujinga wake.

Ukimaliza kuyalipa madeni hayo, ndipo useme kwamba programu imehama.